Mwalimu wa Kompyuta na Kioo Cheusi

Nimeanza kuandika haya Jumamosi, saa kumi na dakika hamsini alasiri, baada ya kunawa mkono wa kulia mara mbili kwa sabuni ya kufulia. Bado unanuka samaki. Mwalimu wa kompyuta ametoka hapa kwetu sasa hivi, na kabla ya kutoka aliushika mkono wangu akaupigapiga kama mtu anayembembeleza mbuzi, vidole vyake vikiwa na mafuta ya mchuzi. Mama amemsindikiza mpaka barabarani. Mimi nimesema kichwa kinaniuma.

Jina lake sitaandika. Nikiliandika nitataka kuliosha na daftari hili. Alizaliwa wapi, ni wa watu gani, hayo mama anayajua na anayapenda kuyasimulia. Mimi nitaandika niliyoyaona, maana namwona tangu nikiwa darasa la tano. Mlango wake na wetu inatazamana hapa Kaloleni, Kisumu, na shuleni amenifundisha miaka miwili.

Ninaandika leo kwa sababu ya Akoth. Akoth ni rafiki yangu, kwao ni Katito, na tangu muhula wa pili amekaa nyumbani akidaiwa kuua kompyuta ya shule. Jana kwenye paredi Madam, mwalimu mkuu wetu, alitangaza kwamba Ijumaa ijayo shule ikifungwa bila Akoth kuleta barua ya kukiri kosa, nafasi yake atapewa msichana mwingine. Akoth hakuua kompyuta. Ninajua, kwa sababu nilikuwepo. Nitafika huko. Kwanza nimwandike huyu mtu jinsi alivyo, nisije nikamhurumia tena.

Nianze na ukucha. Ukucha wa kidole cha mwisho, mkono wa kulia, ameuacha umekua mpaka umejikunja kama kijiko kidogo. Kazi zake ni nyingi. Unachokoa sikio. Unatoa mwiba wa samaki kwenye meno. Na ndio anaobonyezea Enter. "Kidole cha kawaida ni kinene," anasema, "kinaweza kubonyeza mbili." Kwa hiyo kilichokuwa sikioni dakika iliyopita kinaenda kwenye kibodi, halafu anasema, "Njoo ukae hapa, ujaribu mwenyewe." Na wewe unaenda. Unabonyeza palepale.

Chumba cha kompyuta zamani kilikuwa stoo ya darasa la upishi. Zilikuja kompyuta tatu, zawadi ya watu wa kanisa fulani la ng'ambo, na moja tu ndiyo ilikuwa ya rangi. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu. Wakampeleka Nairobi kozi ya wiki tatu, akarudi na tai mpya na rundo la nakala zilizofifia, akawa mwalimu wa kompyuta. Tangu hapo tukawa tunavua viatu mlangoni. Kompyuta zilifunikwa vitambaa vilivyoshonwa na kidato cha kwanza. Ukutani alibandika karatasi, CHAKULA MARUFUKU, na chini ya karatasi hiyohiyo ndipo alipokuwa anafungua gazeti lake la omena wa kukaanga. Alikuwa anawatafuna na vichwa. Vipande vilianguka kwenye kibodi, akavipuliza, na vingine vikaingia ndani zaidi, ndiyo maana herufi E ya mashine ya kwanza hunata na kutoa E tatu. Siku moja alimkuta msichana na pipi shavuni. Alimpigisha magoti koridoni kipindi kizima, na alipokuwa anamkemea nilimwona omena kwenye jino lake.

Akipiga chafya, kioo kilipata. Alikuwa anakifuta kwa leso ileile ya pua, mviringo, taratibu, kama mtu anayepaka mkate siagi.

Ningeweza kuendelea hivi kurasa tatu na ningefurahi. Lakini lazima niandike na hili, japo linanichukiza zaidi kuliko leso: alijua kufundisha. Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kunifanya nisahau kwamba nina miguu chini ya dawati. Alivyotufundisha COLOR, amri ya rangi, bado nasikia sauti yake.

"COLOR inataka namba mbili. Ya kwanza ni wino, ya pili ni karatasi. Saba, sifuri: wino mweupe, karatasi nyeusi. Hiyo ndiyo nguo ya kawaida ya mashine. Nne, sifuri: wino mwekundu. Ukiongeza kumi na sita kwenye wino, maandishi yanaanza kupepesa. Nani anataka kuona?"

Tulipiga kelele. Aliandika jina la shule kwa wino ishirini, likawa jekundu na likapepesa. Tukapiga makofi kama tuko harusini. Halafu programu ikaisha, mashine ikaandika Ok yake, na hiyo Ok nayo ikawa nyekundu, inapepesa.

"Mnaona?" akasema. "Programu imekwisha, rangi imebaki. Mashine haijui kwamba umeondoka. Hata mkifuta programu yote kwa NEW, rangi itabaki mpaka mtu aibadilishe au mashine izimwe. Anayekuja baada yako atakuta uchafu wako. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa kila programu, mnafagia. COLOR 7,0. WIDTH 80. Asiyefagia namkata alama tano."

Tulifagia sisi wote. Yeye mwenyewe sikumwona akifagia hata siku moja.

Shida yake ilikuwa macho. Hakuona vizuri na hakutaka miwani, sijui alidhani ingemharibia tai. Basi akiingia asubuhi jambo la kwanza alikuwa anaandika WIDTH 40, na herufi zinakuwa nene, pana, arobaini tu kwa mstari badala ya themanini. Madam akimuuliza mbona herufi zimenenepa anasema ndivyo wanavyofanya Nairobi. Halafu anaiacha hivyohivyo na kwenda zake. Sisi tunakuja na programu tulizoandika kwenye daftari wiki nzima, zimepangwa kwa mistari ya themanini. Akoth alikuwa ameandika programu ya kalenda, nzuri, na siku zimepangwa mpaka upande wa kulia kabisa, nafasi ya sitini. Akabonyeza. Mashine ikakataa, kwa sababu kwenye kioo cha arobaini nafasi ya sitini haipo. Mwalimu akampa sifuri.

Mimi ningenyamaza. Akoth si mimi. Akainua mkono.

"Mwalimu, hii kioo imebaki arobaini. Ni wewe uliiacha hivyo asubuhi."

Mwalimu akaligeukia darasa.

"Nyar Katito," akamwita, binti wa Katito, na alimwita hivyo kila alipotaka wasichana wa mjini wacheke, "daftari la zamu linasema nani alikaa hapa mwisho?"

"Ni mimi. Lakini walimu si hawaandikwi kwa daftari?"

"Nimeuliza daftari linasema nani."

"Mimi."

"Basi. Mashine haisemi. Daftari linasema. Sifuri yako inatosha ama nikuongeze nyingine?"

Wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo. Naandika ukweli.

Lile daftari la zamu lilikuwa sheria yake kubwa. Lilifungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kila aliyegusa mashine alitia jina na saa, hata aliyeingia kufagia sakafu na kupangusa vumbi. Kukiwa na ubaya wowote, mwenye jina la mwisho ndiye mwenye kosa. Hatukuona ajabu. Hata nyumbani sufuria ikikutwa imeungua anaulizwa aliyeonekana jikoni mwisho. Kwamba walimu wenyewe hawakutia majina hatukuona ajabu pia, walimu ni walimu.

Sasa yangu. Mimi siwezi kusema mbele ya watu. Nikiulizwa swali koo linafunga, na walimu wengine hudhani nina kiburi. Yeye ndiye wa kwanza aliyeliona hilo. "Usinijibu," aliniambia, "njoo uandike." Nikawa ninajibu maswali yake kwa kibodi, darasa zima likinitazama mgongo tu, na mgongo wangu hauna haya. Baada ya vipindi aliniacha nibaki. Mara moja alikaa na mimi zaidi ya saa nzima tukitafuta kosa kwenye programu yangu, na hakula chochote. Siku hiyo ndiyo aliyonionyesha jambo ambalo hakuwafundisha wengine.

"Andika COLOR sifuri, sifuri. Halafu CLS, tufute kioo."

Nikaandika. Kioo chote kikawa cheusi tii. Nilishtuka nikaondoa mikono.

"Umeiua?"

"Hapana, Mwalimu. Sijui."

"Wino mweusi, karatasi nyeusi. Umeandika kwa makaa kwenye sufuria iliyoungua. Kila kitu kipo, programu ipo, mashine inakusikia. Ni macho yako tu. Sasa andika COLOR saba, sifuri. Usiogope kwamba huoni."

Nikaandika gizani, kidole kimoja kimoja. Ni kubonyeza mara kumi tu, pamoja na Enter. Ok ikarudi, nyeupe. Tulicheka sote wawili. Nilikwenda nyumbani nikimpenda kama baba, na leo nikikumbuka nataka kunawa tena.

Mwaka mzima alikuwa anamwahidi Madam programu ya majina na alama za shule nzima. Kila alipoulizwa imefika wapi alimwonyesha ukurasa wa mwanzo: KARIBU MADAM, nyekundu, inapepesa. Madam ni mama mkali sana lakini mbele ya jina lake linalopepesa alikuwa anatabasamu kama mtoto. Akawaalika watu wa bodi ya shule waje waione programu ikifanya kazi. Ilikuwa Alhamisi ya muhula wa pili, saa nane mchana.

Siku hiyo zamu ya usafi ilikuwa ya Akoth. Mimi nilikuwa chumbani humo, nimekaa sakafuni nyuma ya meza ya mwisho nikinakili programu, maana bwalo lina kelele na sipendi kula nikitazamwa. Akoth alifagia, akapangusa kwa kitambaa kikavu, akanitupia mahindi ya kuchemsha nusu akisema, "Kula wewe, panya wa kompyuta." Akatia jina na saa kwenye daftari, akaenda. Mashine ya rangi ilikuwa inawaka na kioo chake kilikuwa kizuri kabisa. Kengele ilipolia akaingia Mwalimu.

Hakuniona. Akaendesha programu yake. KARIBU MADAM ikapepesa. Yakaja majina kumi, halafu mashine ikasimama na kuandika kosa. Akaendesha tena, kumi, kosa. Mara ya tatu nilijua tatizo ni nini, hata mtoto wa kidato cha kwanza angejua: hakuiambia mashine mwanzoni itenge nafasi za majina mengi, na isipoambiwa inatosheka na kumi. Ni mstari mmoja tu. Ningeweza kumwambia. Yeye alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye shingo ya shati, anakunakuna kichwa kwa ule ukucha. Tukasikia sauti ya Madam mbali, anawaeleza wageni habari za bustani.

Akaandika kitu kifupi. Nilitazama vidole. Sifuri, mkato, sifuri, Enter, halafu CLS, na ukucha ukagonga Enter tena. Kikawa cheusi.

Akageuka, akaniona. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayetazama kiti, akasema, "Toka ukale." Nikasimama, lakini wageni walikuwa wameshafika mlangoni, nikabaki nimejibana ukutani.

"Mwalimu, tuonyeshe," Madam akasema.

"Madam, kuna jambo la aibu." Akafungua daftari la zamu. "Nimeacha mashine ikifanya kazi. Nimerudi nimeikuta hivi. Aliyeishika mwisho ni huyu hapa."

Akoth akaitwa. Alikuja anakimbia, mikono bado na majivu ya kusugulia vyombo.

"Ulifanya nini hii mashine?"

"Nilipangusa tu, Madam."

"Na kitambaa gani? Ilikuwa na maji?"

"Ilikuwa kavu. Madam, hii kitu ilikuwa inawaka! Nimeiacha inawaka!"

"Kwa hiyo imejizima yenyewe, kama jiko?"

Mzee mmoja wa bodi akacheka. Mwalimu alitikisa kichwa kwa huzuni, ile huzuni ya mazishini. "Kazi ya mwaka mzima, Madam. Imepotea." Na nyuma ya weusi ule programu yake ilikuwepo yote, majina yake kumi na kosa lake. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kibodi. Kubonyeza mara kumi. Sikubonyeza. Akoth aliangalia huku na huku akitafuta uso wa kumsaidia, akaufikia wangu, akaupita, kwa sababu hakujua kwamba nina kitu.

Walipotoka, Mwalimu alizima swichi ukutani, akangoja kidogo, akawasha. Baadaye aliwaambia walimu kwamba ameiokoa mashine lakini programu haikuweza kuokolewa. Madam alimpongeza kwenye paredi. Muhula ule mimi nilipata alama ya kwanza kwenye kompyuta, tisini na sita, na sikumuuliza kwa nini.

Mama Akoth aliitwa, akaja kutoka Katito. Madam alitaka kitu kimoja, barua ya Akoth mwenyewe inayokiri. Akoth akasema, "Siandiki kitu sikufanya." Madam akasema basi akae nyumbani mpaka mkono wake ulainike. Haujalainika mpaka leo.

Leo basi. Mwalimu alikuja kutuaga. Amepata kazi Bondo, kwenye chuo kipya, anahama mwezi ujao. Mama akamkaangia ngege, akampa kiti kizuri. Alikula kama anavyokula. Jicho la samaki alilifyonza kwa sauti, kisha akakitemea kile kiini kwenye sahani yetu ya maua, ile ya wageni. Alimwambia mama mimi nina akili, kwamba akitulia huko Bondo ataniitia kazi. Mama alinitazama na macho yamejaa machozi.

Sijui koo lilifunguka vipi. Nilisema, "Mwalimu, na Akoth?"

"Akoth yupi?"

Hakuwa anajifanya. Alikuwa anatafuta kweli, ukucha ukiwa kwenye meno.

"Yule wa Katito, aliyeharibu kompyuta," mama akamsaidia.

"Aaa! Yule mwenye mdomo. Hajarudi?" Akashangaa. Akaacha hata kutafuna. "Ai yawa, tangu siku ile? Mimi nilidhani ataandika hiyo barua arudi wiki hiyohiyo. Wasichana wote huandika. Ni karatasi tu!" Akaniangalia, na nikajua anakumbuka mahali nilipokuwa nimesimama. "Mwambie aandike, nyathina, mwanangu. Mtoto mzuri kama wewe atamsikia." Hapo ndipo aliponishika mkono, akaupigapiga. Halafu akamgeukia mama. "Mama, hiki kichwa kingine cha samaki kina mwenyewe?"

Ningependa kuandika kwamba ni mbaya kama simba. Simba ningeweza kumwogopa na kumheshimu. Huyu alimharibia mtu mwaka ili asione aibu ya robo saa, halafu akasahau, akashiba. Na mimi sikusahau, na nimekaa kimya vilevile. Sijui kati yetu nani ananuka zaidi. Mama anarudi, nasikia ndara zake.

Jumapili.

Asubuhi nilivaa nguo za kanisani lakini sikuenda kanisani. Nilifika Katito kabla ya saa tatu. Mama Akoth alikuwa barazani kwenye cherehani yake, na Akoth amekaa chini akifumua pindo la gauni la mtu. Amekonda. Alinirukia akacheka, "Panya! Nani amekutoa shimoni?" Nikamwambia asinikumbatie kwanza. Nikamweleza yote, nikitazama kanyagio la cherehani.

Aliposikia mwisho aliuliza, "Ulikuwa umesimama pale kwa ukuta?"

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuangalia, wewe."

Akaingia ndani. Nilisikia sanduku likiburutwa. Mama Akoth hakunitukana. Alikata uzi kwa meno, akafunika cherehani, akauliza kama nitaweza kuyasema hayo mbele ya Madam. Nikasema nitaweza.

"Sijakusikia."

"Nitaweza."

"Madam si mimi, na huyo Mwalimu ataitwa akukane. Sema kama mtu mwenye mdomo."

Nikasema kwa nguvu mpaka muuza nyanya wa jirani akageuka. Akoth akatoka amevaa sare ya shule, Jumapili, imekunjamana, soksi zimevutwa juu. Hakutembea karibu na mimi. Ndani ya gari, njia nzima hadi Kisumu, alikaa upande wa mama yake, akaangalia nje.

Madam anakaa ndani ya uwanja wa shule, nyumba yenye mlango wa kijani. Tulisikia redio na vijiko. Mama Akoth alisimama nyuma, Akoth akasimama nyuma, wakaningoja. Mimi ndiye niliyebisha hodi.